Hoteli inazitaka ngoma zangu, na mama anadaiwa vikoba

Shikamoo Shangazi.

Naomba jina langu usilitaje. Moshi ni mji mdogo, na wapiga ngoma wa kike hapa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nina miaka 25, mtoto wa tatu kati ya wanne, kwetu ni Pasua. Mama anauza mitumba soko la Memorial. Baba alifariki nikiwa darasa la sita.

Ngoma nilianzia kanisani, kwaya ya vijana. Mpigaji wetu alihamia Dodoma, na hakuna aliyetaka kubeba ngoma kutoka stoo kila Jumapili. Nikabeba mimi. Nilipomaliza kidato cha nne mama alitaka nisomee uhasibu. Nikasoma mwaka mmoja, nikaacha, nikaenda Bagamoyo kusomea sanaa. Ada ya Bagamoyo mama alikopa vikoba. Siku aliponipa ile hela alinihesabia mara mbili, hakunipa hotuba yoyote, akauliza tu: "Hiyo ngoma itakulipa pensheni?" Deni lile halijaisha mpaka leo. Imebaki shilingi 1,400,000. Kila Jumamosi kwenye kikao chao mama ndiye anayekaa karibu na mlango.

Bagamoyo nilijifunza marimba, nikajifunza na kuwamba ngoma. Niliporudi, miaka miwili iliyopita, mimi na rafiki yangu tulianzisha kundi la watu saba. Tunafanya mazoezi nyuma ya gereji moja Majengo, jioni mafundi wakishafunga. Tunapiga kwenye harusi, sendofu na mahafali. Tukigawana, kila mmoja anaondoka na elfu kumi na tano, siku nzuri elfu ishirini. Lakini Shangazi, ninachokipenda kuliko vyote ni kutunga. Nina kipande cha dakika 11 nilichokitoa kwenye mashine ya bibi ya kukoboa kahawa, Kibosho. Ukizungusha kile kipini, mashine inalia tatu tatu, na mfereji ulio pembeni, pale maji yanapoangukia jiwe, unalia mbili mbili. Toka nikiwa mtoto nilikuwa nasikia vile viwili vinagombana halafu vinapatana. Ndicho hicho nilichokitunga, kwa msondo, chapuo mbili, marimba na kayamba. Kundi lilichukua miezi minne kukishika kwa sababu hakijaandikwa popote, kiko mikononi mwetu na kwenye simu yangu. Tumeweka akiba ya shilingi 840,000 ili tukirekodi vizuri studio Arusha, tuombe nafasi kwenye tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar.

Mwezi wa pili tulipiga kwenye harusi Njiro. Meneja wa hoteli moja ya upande wa Arusha alikuwepo. Wiki iliyofuata akanipigia. Anataka watu wanne, mimi nikiwa mmojawapo, kila mmoja 650,000 kwa mwezi, chumba na chakula juu yao, usiku sita kwa wiki, miaka miwili, tuanze tarehe 15 Juni. Wengine watatu niwachague mimi. Alisema wazi kwamba fundi wetu anayewamba ngoma zote, ambaye umri umesogea, asiwemo, kwa sababu wageni wanapenda sura za vijana.

Mkataba ni kurasa tatu. Kuna mahali panasema: "Kazi zote za sanaa zitakazopigwa hotelini katika kipindi cha mkataba huu zitakuwa mali ya hoteli." Panasema pia kwamba mtoa huduma hataruhusiwa kutumbuiza mahali pengine popote. Meneja alinieleza kuwa hiyo ya mali inahusu nyimbo mpya watakazonilipa nizitunge. Nikaona si mbaya.

Wakatuita usiku mmoja wa majaribio. Tulipofika tukapewa shuka nyekundu na shanga, tukaambiwa tunapiga ngoma za Kimaasai. Mimi Mchaga, wenzangu Mpare, Mzigua na Mnyaturu. Kipande changu wakasema kikatwe kiwe dakika tatu, mwanzo na mwisho tu, katikati wageni wanachoka. Tukapiga. Walishangilia kweli. Tunatoka, askari wa getini, Mmaasai mtu mzima, ananiangalia anacheka: "Binti, ngoma yetu sisi ni kifua na koo. Hizo mmezitoa wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama nimemwambia habari ya mshahara tu. Alianza kuimba akiosha vyombo. Ameshawaambia wenzake wa vikoba. Baba mdogo naye kapiga simu, anasema hatimaye nimepata kazi, maana kwa kutunzwa elfu mbili mbili maharusini nitajenga lini. Mzee mmoja wa kanisa alishawahi kumwambia mama kwamba binti kukaa na ngoma mapajani si picha nzuri, sasa naye anapongeza, kwa kuwa kuna mshahara. Rafiki yangu niliyeanzisha naye kundi anasema nikisaini nimewauza, na kwamba mwanamuziki wa kweli bora alale njaa. Nusu yangu inamwamini. Naona miaka miwili ya kukaribisha wageni itaua kabisa utunzi wangu. Nikikataa, namwona mama pale mlangoni.

Juzi usiku mvua ilinyesha sana. Nikaamka, ngoma yangu sikuiona chumbani. Mama alikuwa ameihamishia jiko la kuni, kaiegemeza ukutani mbali na moto, kaifunika khanga. Kila masika anafanya hivyo, sijawahi kumwomba. Na ngoma hazipendi, Shangazi. Nilisimama pale nikalia.

Natakiwa kusaini kabla ya tarehe 31 mwezi huu. Nifanyeje?

Binti wa Pasua, Moshi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kulia jikoni peke yako usiku wa mvua.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana ualimu hauniishi ingawa nilistaafu. Ukiniuliza umeniandikia nini, nitasema hivi: una deni la mama ambalo unalihisi kama ni lako, una kundi linalokuita msaliti kabla hujafanya lolote, una kipande cha dakika 11 ambacho mtu anataka kukifanya cha dakika tatu, na una karatasi inayosubiri saini. Wewe umeyafunga yote manne kwa kamba moja ukaiita "kusaini au kukataa". Mimi nadhani kamba hiyo inafunguka. Tuanzie kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe.

Rudia kile kifungu ulichoninakilia. Hakikuandikwa "zitakazotungwa". Kimeandikwa "zitakazopigwa". Meneja anaweza kuwa mtu mzuri na maelezo yake aliyatoa kwa nia njema, sijui. Ila yeye anaweza kuhamishwa mwezi Septemba, na maelezo yake yakahama naye, karatasi ikabaki. Kwa jinsi ilivyoandikwa, siku utakapopiga ile mashine ya bibi yako mbele ya wageni, hata dakika tatu tu, hoteli inaweza kusema mashine ni yao. Na kundi lako likitaka kuipiga Zanzibar, lije kuomba ruhusa kwa mwenye hoteli. Hilo ndilo ulilokusudia? Kama silo, basi neno moja libadilishwe, na mwishoni mwa mkataba kiongezwe kiambatisho chenye majina ya kazi zako zote ulizotunga kabla ya kufika kwao, wao na wewe mkitia saini pale pale. Hilo si jambo la ugomvi. Mwenye nyumba na mpangaji huandikiana taa ngapi zipo na kitasa kipi kibovu, wakabaki wanasalimiana.

Sheria yetu ya hakimiliki, ya mwaka 1999, iko upande wako kuliko unavyojua. Kazi ni yako tangu siku ulipoitunga, hata kama iko hapo kwenye simu tu, na haki hiyo inaendelea mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako. Bibi amekuachia mlio, na wewe una kitu cha kuwaachia wajukuu zako. Una haki pia ya kutajwa jina kila kazi inapopigwa. Kwenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuisajili ni kujipatia ushahidi, si kwamba bila wao huna kitu. Lakini sheria inamlinda yule ambaye bado hajamsainia mtu mwingine haki yake.

Sasa neno la pili lililonitia wasiwasi, nalo umelipita mbio: "mtoa huduma". Mama alikuuliza habari ya pensheni, akidhani anakukejeli, au wewe ukidhani hivyo. Mimi naona ni swali zuri kuliko yote yaliyo kwenye barua. Mwajiriwa anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri analipa si chini ya nusu ya hiyo. Ana likizo. Akiumia mkono kuna mahali pa kuanzia kudai, na wewe mikono yako ndiyo jembe lako. Usiku sita kwa wiki kwenye ngozi ni kazi nzito kwa viungo vya mkono, walimu wako wa Bagamoyo lazima walikuambia. Mtoa huduma ni mtu mwingine. Anauza huduma, anaondoka, anaiuza na kwa jirani. Hoteli hii inakutaka uwe mtoa huduma siku ya kulipa michango, halafu uwe mwajiriwa siku unapotaka kwenda kupiga harusi Kiboriloni. Waulize, kwa adabu kabisa, wewe ni yupi kati ya hao wawili. Kama ni mwajiriwa, wakuandikie hivyo. Kama ni mtoa huduma, ule usiku wa saba ni wako, na kifungu cha kukukataza mahali pengine kilegezwe.

Waulize na habari ya masika. Wewe ni mtoto wa kaskazini, unajua Aprili na Mei hoteli nyingi zinavyokaa kimya, nyingine zinafunga milango kabisa mpaka Juni. Miaka miwili yako ina masika mbili ndani yake. Je, hiyo 650,000 inalipwa mvua ikinyesha na viti vikiwa vitupu? Kwenye barua sikuiona.

Halafu kuna hesabu ambayo mwenye uhasibu wa mwaka mmoja angeifanya, ila ukiwa na uchungu hesabu hukimbia. Deni ni 1,400,000. Chumba na chakula ni juu yao. Ukituma nyumbani nusu tu ya malipo yako, ni 325,000 kwa mwezi. Miezi minne inakupa 1,300,000, wa tano deni limeisha na chenji inabaki. Toka katikati ya Juni hadi katikati ya Novemba. Msimu mmoja wa wageni, mwanangu! Wanakufunga miezi 24, na mama yako anahitaji mitano ili asogee mbali na ule mlango. Sikuambii ukaombe mkataba wa miezi mitano. Huenda watacheka, huenda watampigia mpiga ngoma mwingine kesho yake, na hiyo hatari ni ya kweli, usijidanganye. Lakini ukiingia kwenye mazungumzo ukijua namba yako ni tano, utakaa kwenye kiti tofauti na yule anayeamini namba yake ni 24.

Nije kwenye hili ulilosema litakuua, yaani kupiga kwa mshahara. Hapa nina shaka na wewe kidogo, na na rafiki yako zaidi.

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa watu wa mshahara. Jina likabadilika kila chama kilipobadilika, JUWATA, OTTU, mpaka ikaja kuitwa Msondo Ngoma, jina la ngoma ile ile unayoipiga wewe. Mlimani Park ilianzishwa 1978, baadaye ikawa mali ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ya herufi DDC zilizo mbele ya jina lake. Muziki ambao wazazi wako walichumbiana nao ulitungwa na watu waliokuwa wanasubiri mwisho wa mwezi. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze duniani kote, alikuwa kwenye kikundi cha taifa, kisha akawa mtu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hapo hapo uliposoma. Mshahara haukumnyamazisha mpaka alipofariki 2003. Kwa hiyo hii habari kwamba kulala njaa ndiyo uthibitisho wa usanii, naomba uipokee kwa tahadhari. Ni maneno matamu kwa kijana ambaye mama yake hakai mlangoni.

Ila nisikupakie asali upande mmoja. Bendi zile zilikuwa na tatizo lao: vyombo mara nyingi vilikuwa vya mwenye bendi. Mtu alipiga miaka, akiondoka anaondoka na mikono mitupu. Na waliotunga humo walikuwa wanatunga kwa ajili ya wacheza dansi waliojaa ukumbini, watu waliojua Kiswahili, waliorudi kila Jumamosi na kudai kipya. Mgeni wa hoteli analala siku mbili, anakwenda Ngorongoro. Hatadai kipya, kwa sababu kwake kila kitu ni kipya. Hapo ndipo naona hofu yako ina miguu. Hatari yako inaweza isiwe mshahara kabisa. Inaweza kuwa kutokuwepo mtu wa kukuambia "hiki ulipiga mwezi uliopita". Kwa hiyo ukienda, jiulize ni nani atakayekuwa anakusikiliza kwa masikio ya namna hiyo. Labda ni kundi lako, siku ya saba. Labda ni yule askari.

Yule askari nimempenda. Aliyoyasema ni kweli tupu: Wamaasai wana muziki mkubwa usiohitaji ngoma, sauti ya mmoja inaongoza, vifua vya wengine vinajibu, na miguu. Aibu uliyoisikia si ya kuvaa shuka. Nusu ya Arusha inavaa shuka asubuhi ya Julai. Ni aibu ya kumwambia mgeni uongo kuhusu jirani yako, na jirani mwenyewe amesimama pale anasikia. Ni aibu nzuri, usiharakishe kuipoza. Hoteli huenda haijawahi hata kuwaza. Huenda mtu mmoja zamani alinunua shuka kumi akaona basi, Afrika imekamilika. Ungewaambia: ngoma hizi tutazipiga kwa majina yake, hii ya Wazigua, hii niliitunga mimi kutoka kwenye kahawa ya Kibosho, na tukitaka Umaasai tuwaite wenyewe waimbe. Kuna wageni ambao wangelipa zaidi kusikia habari ya ile mashine na mfereji kuliko kuona shanga. Wanaweza kukataa. Ukishajua wanakataa, umejua kitu kuhusu miaka miwili hiyo kabla hujaiingia.

Na huyo mzee wa kanisa, mwambie, au usimwambie, kwamba nilipokuwa mwalimu kijana wilaya moja ya Dodoma niliwaona kwa macho yangu akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma ikiwa imebanwa mapajani, vumbi linapanda, wanaume wamesimama pembeni wanaangalia. Ni ngoma ya wanawake. Nilikuwa na miaka 23 na nilirudi nyumbani nikiwa sisemi. Picha nzuri kuliko ile sijaiona.

Rafiki yako. Anasema umewauza, na wewe ulipoandika hivyo kalamu yako ilibonyea, karatasi karibu itoboke. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wewe umewamba nyingi, unajua ni lazima kila mmoja avute upande wake ndipo ngozi ikaze. Hoteli inavuta, baba mdogo anavuta, rafiki anavuta. Mimi swali langu ni yeye anavuta akiogopa nini. Meneja alikupa wewe kazi ya kuchagua watatu. Je, rafiki yako anajijua kama yumo? Umemwambia? Wakati mwingine mtu anahubiri njaa kwa sababu hajaalikwa mezani. Inawezekana nimemkosea, basi aniwie radhi.

Hiyo kazi ya kuchagua watatu nayo ungeweza kuirudisha. Meneja amekupa kisu uwakate wenzako ili yeye abaki mikono safi. Kuhusu fundi wenu, sura yake isipotakiwa jukwaani, ngoma zake bado ndizo zitakazopigwa. Ngozi zinazopigwa usiku sita kwa wiki zitachanika na kulegea. Nani atakayeziwamba upya? Hilo nalo ni kazi yenye bei, na lingeweza kuwa mstari kwenye mkataba. Ungelisema au usingelisema, ni juu yako, lakini nisingependa alisikie kutoka kwa mtu mwingine kwamba umri wake ulijadiliwa.

Ile 840,000 ni ya watu saba, kwa hiyo mimi na wewe hatuwezi kuipangia. Ila mkikaa saba pamoja, ulizeni: kama tarehe ya hoteli ni 15 Juni, kwa nini studio isiwe kabla yake? Kipande kikirekodiwa kizima, dakika zote 11, kikiwa na tarehe na majina ya wapigaji wote, basi hakuna mkasi wa hoteli utakaokifuta. Sauti za Busara hufanyika Februari. Maombi hutangulia mbali sana, na kutuma si kupata, mnalijua hilo. Na kipande kiandikwe. Miezi minne ya kufundishana kwa mikono ni mizuri, sitaki kuidharau, ndivyo ngoma zetu zote zilivyotufikia. Lakini leo mmoja wenu akihama kama yule mpigaji wa kanisani, anaondoka na sehemu yake. Hapo Makumira, karibu na Usa River, chuo kikuu kinatoa shahada ya muziki. Wapo vijana wanaojua kuweka mapigo kwenye karatasi, na wengine wangefurahi kupata kazi ya namna hiyo ya kujifunzia. Na nani ajue, ukishakaa nao mezani mara mbili tatu, huenda ukatamani hicho chuo mwenyewe. Hilo tuliache kwanza, una tarehe 31 kichwani.

Ukikataa kabisa, nini kitatokea? Mtaendelea na harusi na mafungu ya elfu kumi na tano, deni litaisha polepole, mama atawaeleza wenzake wa vikoba kwa nini kazi haikuwa. Itamuuma wiki kadhaa. Utakuwa na jioni zako. Kuna watu wametunga makubwa kwa maisha hayo, na kuna watu wamechoka nayo wakauza ngoma. Ukisaini kama ilivyo, deni litaisha kabla ya Krismasi, utapanda Kibosho Desemba ukiwa na zawadi, na baba mdogo atakupa kiti. Na mwezi Januari utakuwa bado na miezi 17 mbele, kwa masharti ambayo leo tayari yanakukosesha usingizi. Katikati ya hizo mbili kuna yote niliyoyaandika juu, na yote yanahitaji umpigie meneja simu kabla ya tarehe 31, ukiwa umeandika maswali yako kwenye karatasi. Usiende peke yako. Kama kuna mtu wa sheria kanisani au ofisi ya msaada wa kisheria mjini, mpe kurasa tatu azisome. Si aibu, hata wenye hoteli waliandikiwa na mwanasheria.

Nimebakiza mama.

Unasema hazipendi ngoma. Labda. Umemwambia mshahara tu, kwa hiyo furaha yake jikoni ni ya nusu habari, na wewe unaogopa kumnyang'anya furaha ambayo hakupewa kamili. Mimi nina wasiwasi kwamba unamlinda mtu ambaye ameshabeba mazito kuliko kifungu cha mkataba. Mwanamke aliyekopa vikoba kwa ajili ya chuo ambacho hakukichagua, akahesabu hela mara mbili asikosee, anaweza kusikia neno "zitakazopigwa" na akalielewa upesi kuliko mimi. Anauza Memorial, mtu wa Memorial akiuza shati halitoi pamoja na kabati.

Kaa naye huko huko jikoni usiku mmoja wiki hii, umsomee zile kurasa tatu kwa sauti, pamoja na hesabu ya miezi mitano. Usimwombe ruhusa wala baraka, msomee tu. Kisha, akiwa anapanga kuni, muulize ni nani aliyemwambia kwamba ngozi ikipata unyevu hulegea, na kwamba ukiiweka karibu mno na moto hupasuka, maana wewe unasema hujawahi kumfundisha.